Mnyoo Tuliyempa Nguruwe

Mnunuzi wa nguruwe anapoingia kwenye boma, iwe Mbulu au Mbozi, hatazami kwanza unene wa mnyama. Nguruwe hulazwa chini, vijana wawili wakamshika miguu, kijiti kikapenyezwa kati ya taya ili asiume, kisha ulimi ukavutwa nje kwa kitambaa. Mnunuzi huupapasa upande wa chini taratibu, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Vidole vikikutana na vijivimbe vya kiasi cha punje ya mtama au zaidi kidogo, biashara imeharibika. Atafuta mikono na kuondoka, au atataja nusu ya bei, na mwenye mnyama, aliyekuwa amemtegemea kwa ada ya shule, atakubali. Asipokubali, nguruwe huchinjwa hapohapo nyumbani, na nyama ikagawanywa kwa majirani bila muhuri wa mkaguzi.

Katika shughuli yote hiyo kuna swali moja ambalo haliulizwi: katika boma hili, au la jirani, nani ana tegu tumboni? Nguruwe huyo hakuzaliwa na vijivimbe hivyo, wala hakuvipata kwa nguruwe mwenzake. Vilimwingia kwa sababu alikula, au alikunywa pamoja na maji machafu, mayai yaliyotoka na kinyesi cha binadamu. Tegu huyu akiwa mzima haishi ndani ya mnyama mwingine yeyote isipokuwa mtu. Kwa hiyo ulimi wa nguruwe unasoma afya ya wenye boma. Tumeuchukua ushahidi huo tukaufanya bei ya nyama.

Tegu ni mnyoo bapa, mweupe, mrefu kama utepe. Hana kinywa wala tumbo, chakula hukifyonza kwa ngozi ya mwili wake wote akiwa amelala ndani ya utumbo wetu uliokwisha kumsagia kila kitu. Kichwa chake hakizidi kichwa cha pini. Kina vifyonzi vinne, na tegu wa nguruwe ana pia kulabu za kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Nyuma ya kichwa huchipuka pingili, moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia, na zile za mwisho zilizokomaa si kitu zaidi ya mifuko ya mayai. Pingili moja ya tegu wa nguruwe yaweza kubeba mayai 50,000, na kila siku pingili kadhaa hukatika na kutoka na choo. Mnyoo mwenyewe hufikia mita 2 hadi 4, pengine zaidi, na huweza kuishi miaka. Mtu anayemfuga mara nyingi hana habari naye, kwani haumwi wala hakondi. Tumbo huunguruma kidogo, basi.

Mzunguko wake unahitaji miili miwili. Nguruwe anameza yai. Kiinitete kinatoka, kinatoboa ukuta wa utumbo, kinasafiri na damu hadi kwenye msuli, na huko kinajijengea kifuko chenye maji, cheupe, cha ukubwa wa punje ya mahindi au pungufu, kichwa cha tegu mchanga kikiwa kimejikunja ndani. Mtu akila nyama hiyo bila kuiva, kichwa kinajikunjua, kinashika utumbo, na baada ya miezi miwili au mitatu pingili zinaanza kutoka. Habari ingeishia hapo kama mwili wa binadamu ungekuwa na sehemu moja tu katika mchezo huu. Bahati mbaya, mayai yale yale aliyoandikiwa nguruwe yakimwingia mtu kinywani hayajui tofauti. Yanaanguliwa, yanapita kwenye damu, na kujenga vifuko katika misuli ya mtu, chini ya ngozi yake, jichoni mwake, na hasa ubongoni.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, wakiwamo waliosoma. Kuna magonjwa mawili, na kila moja lina mlango wake. Nyama mbichi yenye vifuko inakupa tegu wa utumboni, ambaye ni aibu na usumbufu. Mayai kutoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu yanakupa vifuko vya ubongoni, na hivyo vinaua. Mtu anayesema “nilipata vifuko kwa kula kitimoto” ameruka hatua nzima: kitimoto kilimpa mtu fulani tegu, na mtu huyo, kwa mikono yake au kwa choo chake, ndiye aliyempa mwingine vifuko. Mara nyingine wawili hao ni mtu mmoja.

Nusu ya kwanza ya ukweli huu ilithibitishwa kwa njia ya kikatili. Mwaka 1855, nchini Ujerumani, daktari Friedrich Küchenmeister alimtilia mfungwa aliyekuwa anangoja kunyongwa vifuko vya nguruwe ndani ya chakula bila kumwambia. Baada ya hukumu kutekelezwa alimpasua utumbo na kukuta mategu wachanga wameshajishikiza. Leo tendo hilo lingempeleka mwenyewe kizimbani. Somo lake lakini liliingia katika vichwa vya watu na halijatoka: nguruwe ndiye mwenye mnyoo. Nusu ya pili, ile ya mayai na mikono, haikupata umaarufu huo, na gharama ya kuisahau tunailipa hadi leo.

Kuna ushahidi wa zamani zaidi unaomtetea nguruwe. Mwaka 2001 mtaalamu wa vimelea Eric Hoberg na wenzake walichapisha uchambuzi wa nasaba ya mategu wanaoishi ndani ya binadamu. Ndugu zao wa karibu hawakuonekana kwa nguruwe wala ng'ombe. Walionekana kwa simba na fisi wa Afrika. Maelezo yanayopatana na nasaba hiyo ni kwamba mababu zetu, walipoanza kula nyama ya swala kwenye mbuga hizi hizi, wakiwinda au wakinyang'anyana mizoga na fisi, waliokota na minyoo yao. Hayo yalitokea zamani sana kabla mtu yeyote hajafuga chochote. Ng'ombe na nguruwe walipoletwa zizini miaka kama 10,000 iliyopita, walikuta mfugaji tayari ana mategu. Yaani sisi ndio tuliowaambukiza. Nimekuwa nikiifikiria habari hiyo kila ninaposikia nguruwe akiitwa mnyama mchafu kwa sababu ya mnyoo huyu. Uchafu aliokula ulikuwa wetu.

Kifuko kikishakaa ubongoni, kwa kawaida hakifanyi kelele. Kinaishi miaka kadhaa kikiwa kimejificha dhidi ya kinga ya mwili, na mwenye nacho analima, anazaa, anasafiri. Balaa huanza kifuko kinapozeeka na kufa. Hapo mwili unagundua kwamba ulikuwa umemhifadhi mgeni, unamshambulia, eneo linavimba, na umeme wa ubongo unavurugika. Mtu mzima ambaye hajawahi kuwa na degedege utotoni anaanguka ghafla shambani. Kifuko kilichokufa kinaweza baadaye kugeuka kovu gumu kama chokaa, na kovu hilo likaendelea kuleta kifafa miaka na miaka bila kuwapo mnyoo tena wa kuuliwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya milioni 2.56 na milioni 8.3 wana vifuko hivi ubongoni. Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mahali ambapo nguruwe huzurura na vyoo ni vichache, takribani asilimia 30 ya kifafa chote inahusishwa na tegu wa nguruwe, na katika baadhi ya jamii sehemu hiyo yaweza kufika asilimia 70. Mwaka 2014 wataalamu wa shirika hilo na wenzao wa Shirika la Chakula na Kilimo walipopanga vimelea 24 vinavyosambazwa na chakula kwa uzito wa madhara yake duniani, wa kwanza alikuwa tegu wa nguruwe. Wa pili alikuwa tegu wa mbwa, na nitamfikia.

Kwa Tanzania, makadirio yaliyofanywa kwa mwaka 2012 yalisema takribani watu 18,000 walipata kifafa kutokana na vifuko hivi, kwamba kifafa hicho kiligharimu kama dola milioni 5, na kwamba wafugaji walikuwa katika hatari ya kupoteza karibu dola milioni 3 kwa nguruwe wenye vifuko. Ni makadirio yenye upana mkubwa, kwa sababu kuyahakikisha kunahitaji picha ya ubongo ya kompyuta, na mashine hiyo iko mbali sana na boma nililolitaja mwanzoni. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, katika wilaya ya Mbulu, ni miongoni mwa sehemu chache za vijijini ambako uhusiano wa kifafa na vifuko umechunguzwa kwa picha hizo, na vifuko vilionekana.

Lazima niweke tahadhari hapa, kwa sababu hamu ya kupata mkosaji mmoja ni kubwa. Si kila kifafa cha Afrika Mashariki ni cha tegu. Huko Mahenge, kusini mwa Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall alipoanza kuwahudumia wenye kifafa miongoni mwa Wapogoro mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta ugonjwa uliojaa kiasi cha kutisha, na utafiti uliofuata umeunyooshea kidole zaidi ugonjwa wa usubi, ule unaoletwa na inzi wadogo wa mitoni. Malaria ya ubongo, majeraha wakati wa kuzaliwa, ajali za pikipiki, vyote vina sehemu yao. Anayetaka kupambana na kifafa lazima ajue kijiji chake kinaugua kipi.

Lakini chanzo kiwe chochote, anayeanguka huteswa mara mbili. Sehemu nyingi watu huamini kwamba povu na mate ya mwenye kifafa huambukiza, kwa hiyo anapoangukia jikoni hakuna anayekimbia kumvuta. Makovu ya moto kwenye mikono na nyuso za wanawake wanaopikia mafiga yanasimulia jambo hilo waziwazi. Na si kwetu tu. Miaka ya 1970, kwenye nyanda za juu za Papua upande wa Indonesia, karibu na maziwa ya Paniai, madaktari walianza kupokea majeruhi wengi wa moto kuliko kawaida. Watu wa huko hulala kandokando ya moto kwa sababu ya baridi. Nguruwe walikuwa wameletwa kutoka Bali kama zawadi ya serikali, wakaja na vifuko, nyama ikaliwa, mategu wakapatikana, mayai yakasambaa, na baada ya muda watu wakaanza kutumbukia motoni usiku, kifafa kimewakamata usingizini. Ugonjwa ulioanzia kwenye karamu ulitambuliwa kwenye wodi ya majeraha ya moto.

Msomaji wa Tanga, Lamu au Unguja anaweza kuwa amekwisha kusema moyoni kwamba haya hayamhusu, kwani nguruwe hamgusi. Nimwombe asubiri. Mwaka 1990 na 1991, mjini New York, wagonjwa wanne wa jamii ya Wayahudi wanaoshika dini kwa ukamilifu walikutwa na vifuko ubongoni. Hawakuwa wamewahi kuonja nyama ya nguruwe, na sheria yao kuhusu nguruwe ni kali kama ya Waislamu. Wachunguzi walipofuatilia, waligundua kwamba familia hizo ziliajiri wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati ambako tegu ni wa kawaida, na mmoja wa wafanyakazi hao alikutwa na tegu hai. Ripoti ilichapishwa mwaka 1992. Mfanyakazi yule hakuwa na kosa: alikuwa mgonjwa ambaye hakuwahi kupimwa wala kupewa tembe moja ya kumtibu. Ila kisa chake kinavunja kinga ambayo tunadhani tunayo. Mwiko wa nyama unakulinda na tegu wa utumboni. Haukulindi na mkono uliokata kachumbari yako, wala na mboga iliyomwagiliwa maji ya mfereji uliopita nyuma ya vyoo vya mtaa. Kwa vifuko vya ubongoni, mla nguruwe na asiyemla wako mbele ya mlango mmoja.

Tegu wa ng'ombe tunaweza kumpitia haraka, ingawa ndiye mrefu zaidi, mita 4 hadi 12 na mara chache zaidi ya hapo. Mayai yake hayajengi vifuko ndani ya mtu, kwa hiyo hana habari ya kifafa. Hasara yake ni ya machinjioni, ambako mzoga wenye vifuko vingi hutupwa na wenye vichache hugandishwa kwa siku kadhaa kabla ya kuuzwa, na pia ni ya aibu, maana pingili zake zina nguvu ya kutambaa zenyewe hadi kwenye nguo. Wahabeshi, ambao nyama mbichi ya ng'ombe kwao ni chakula cha heshima, waliishi naye kwa karne nyingi kama mpangaji anayejulikana. Wasafiri waliandika kwamba kila baada ya miezi miwili hivi walikunywa dawa ya maua ya mti wa koso kumtoa. Mti huo huota pia kwenye misitu ya juu ya Kilimanjaro na Meru, na maua yake yaliwahi kuingia katika maduka ya dawa ya Ulaya. Huku kwetu anayependa nyama choma yenye damu damu katikati anamkaribisha tegu huyu huyu.

Mategu wa wanyama wengine humtisha mfugaji kuliko wanavyopaswa. Pingili nyeupe kama punje za wali kwenye mavi ya wanambuzi na wanakondoo ni za tegu anayepitia kwa vijidudu vidogo vya majanini, na binadamu hamhusu. Pingili za aina hiyo kwenye manyoya ya paka au mbwa wa mjini mara nyingi ni za tegu anayebebwa na viroboto, na mtoto humpata kwa nadra sana, akimeza kiroboto. Dawa ya mnyama pamoja na ya viroboto inatosha.

Tegu wa pili wa mbwa, yule niliyeahidi kumfikia, ndiye wa kuogopwa. Ni mdogo ajabu, milimita 2 hadi 7, pingili tatu au nne tu, na mbwa mmoja huweza kubeba maelfu yake huku akicheza na watoto. Kondoo, mbuzi, ngamia na ng'ombe hupata mayai malishoni, na vifuko vikaota kwenye ini na mapafu yao. Mbwa akitupiwa ini hilo, mzunguko unakamilika. Mtu huingia kwa bahati mbaya, kwa kumgusa mbwa, kunywa maji ya bwawa moja naye, au kula kwenye chombo alichokilamba. Kifuko ndani ya mtu hukua polepole miaka mingi, kiasi cha saba kati ya kumi kwenye ini, hadi kuwa na lita za maji. Tumbo linatuna kama la mjamzito. Kikipasuka ndani, mwili unaweza kupata mshtuko wa kuua papo hapo.

Mahali palipojulikana duniani kwa ugonjwa huu ni Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Utafiti uliochapishwa miaka ya mwanzo ya 1980 ulikuta sehemu za huko zenye wagonjwa wapya wapatao 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakikuwa kimeandikwa popote pengine. Sababu haikuwa ujinga, kama wageni walivyopenda kusema. Katika nchi ambayo maji huchotwa kwa kuchimba mchanga wa mto mkavu, hakuna mama atakayemwaga maji kumsafisha mtoto kila anapojisaidia. Mbwa alifanya kazi hiyo, akalamba na vyombo, akalala mlangoni akilinda usiku. Alikuwa yaya, dobi na mlinzi kwa pamoja. Kumwambia Mturkana aachane na mbwa kulikuwa kumwambia aajiri watu watatu.

Shirika la AMREF, lililokuwa likipeleka madaktari wa upasuaji kwa ndege Lokichoggio, huko Turkana, lilianza mwaka 1983 mradi wa kuudhibiti ugonjwa huo kwenye chanzo: kupima watu kwa mashine ya mawimbi ya sauti inayobebeka, kuwapa dawa ya albendazole wale waliofaa, kupunguza mbwa wasio na mwenyewe na kuwapa dawa wanaofugwa. Wagonjwa walipungua. Kazi kama hiyo iliwahi kukamilika kabisa Aisilandi. Mwaka 1863 Harald Krabbe, mtaalamu wa Kideni, aliwachunguza mbwa 100 wa kisiwa hicho na kukuta 28 wana tegu huyu. Mwaka uliofuata kijitabu chake kiligawiwa bure nyumba kwa nyumba, katika nchi ambayo wakulima walikuwa na desturi ya kusoma jioni za baridi, kikieleza jambo moja jepesi: mbwa asipewe viungo vyenye vifuko. Sheria zilifuata, na katika karne ya 20 ugonjwa ulikwisha. Ila kondoo wa Aisilandi alichinjwa kwa msimu, karibu na nyumba, kukiwa na shimo la kufukia matumbo. Mfugaji wa Turkana au wa Loliondo anachinja popote mifugo ilipo, ardhi ni mwamba, na mbwa ana njaa.

Wamasai wa kaskazini mwa Tanzania wana neno, ormilo, kwa kondoo au mbuzi anayezungukazunguka mahali pamoja, kichwa kimeinama upande, hadi anaanguka. Mara nyingi ni kifuko cha ubongoni cha tegu mwingine wa mbwa. Kichwa cha mnyama aliyekufa hivyo kikitupiwa mbwa, ormilo wa mwaka kesho ameshapandwa. Mchungaji anayejua hivyo anaweza kumwelewa vizuri tegu wa nguruwe kuliko mtu wa mjini, kwa sababu ni kisa kile kile. Mbwa amepisha nafasi yake kwa mtu, na mtu pia amekaa nafasi ya kondoo.

Kwa nini basi mnyoo ambaye mzunguko wake umejulikana kwa zaidi ya miaka 150 angali nasi? Jibu la haraka, umaskini, ni kweli lakini halitoshi. Tuangalie zana tulizo nazo.

Ukaguzi wa nyama ndiyo zana tunayoitegemea zaidi, na ndiyo dhaifu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka Zambia ulionyesha kwamba kupapasa ulimi kunawabaini takribani nguruwe wawili tu kati ya kumi walio na vifuko, na kisu cha mkaguzi hakikufanya vizuri zaidi. Mnyama mwenye vifuko vichache hupita bila kuonekana. Na mkaguzi anapokuwa mkali bila mfugaji kulipwa chochote, nguruwe hawafiki kabisa machinjioni, wanakwenda usiku. Ukali unaompoteza shahidi hausaidii kesi.

Choo, ambacho kila mtu hukitaja, ni lazima, lakini nacho kinahitaji kuelezwa kwa ukweli. Huko Katete, Zambia, kampeni ya kuhamasisha vijiji kujenga vyoo haikushusha kwa namna inayoonekana vifuko kwa nguruwe. Kuwa na choo si sawa na kukitumia, shambani hakuna choo, na mtoto mdogo haendi kwenye shimo refu lenye giza. Choo kisicho na mlango ni zizi la kulishia nguruwe. Mtu mmoja tu mwenye tegu anatosha kuchafua kijiji.

Elimu ilileta matokeo ya kushangaza kidogo. Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzake walifanya jaribio la kuelimisha kaya zinazofuga nguruwe wilayani Mbulu, matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Maambukizi mapya kwa nguruwe yalipungua kwa takribani asilimia 43. Watu walipopimwa maarifa na mienendo yao, hapakuonekana badiliko kubwa, isipokuwa kwamba walisema wamepunguza kula nyama yenye vifuko. Mimi naona hapo funzo kuhusu wafugaji: hawakuhitaji kukariri mzunguko wa mnyoo ili waache kula kitu walichokiona kwa macho.

Kwa upande wa nguruwe, sayansi imefika mbali. Marshall Lightowlers wa Chuo Kikuu cha Melbourne na wenzake walitengeneza chanjo inayomkinga nguruwe, na sasa inatengenezwa India kwa biashara. Dozi moja ya dawa ya oxfendazole huua vifuko vilivyokwisha kuingia kwenye misuli. Ukitumia zote mbili pamoja, nguruwe hawezi tena kumpa mtu tegu. Ugumu uko kwenye pochi. Nguruwe wa kienyeji haishi muda mrefu, homa ya nguruwe ya Afrika inaweza kumaliza zizi zima kwa wiki moja, na chanjo hiyo inahitaji dozi mbili. Mnunuzi haongezi hata shilingi kwa mnyama aliyechanjwa. Isitoshe, vifuko vilivyouawa hubaki vikionekana kwenye nyama kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mfugaji aliyetumia fedha yake kutibu anaweza kukataliwa mnyama wake sawasawa na ambaye hakutibu. Tunamwomba mfugaji maskini agharimie kinga ya ubongo wa mtu mwingine. Hilo ni jukumu la serikali, kama ilivyo chanjo ya surua.

Kwa upande wa watu, tembe ya niclosamide au dozi ndogo ya praziquantel humtoa tegu kwa mara moja. Watu wengi wanaonunua “dawa ya minyoo” dukani hupewa albendazole ya mara moja, ambayo ni nzuri kwa minyoo mingine lakini tegu humwacha mara nyingi akiwa salama. Praziquantel nayo ina hatari yake: ikimkuta mtu mwenye vifuko hai ubongoni ambaye hajijui, inaweza kuviamsha na kumletea kifafa au maumivu makali ya kichwa. Niclosamide haipenyi kutoka utumboni, kwa hiyo haina hofu hiyo. Na aliyekwisha kuwa na vifuko ubongoni hatakiwi kujitibu kwa dawa za minyoo, bali atibiwe hospitali akiwa chini ya dawa za kutuliza uvimbe. Kwanza kabisa apewe dawa ya kifafa, kwani fenobabito ni ya bei nafuu, na bado robo tatu ya wenye kifafa katika nchi maskini hawapati tiba wanayohitaji.

Peru ilithibitisha kwamba zana hizo zikiunganishwa zinafaulu. Katika mkoa wa Tumbes, kaskazini mwa nchi, timu iliyoongozwa na Héctor García iliwatibu watu na nguruwe kwa pamoja, kwa awamu, na mwishoni ikaongeza chanjo. Awamu ya mwisho ilihusu vijiji 107, vyenye watu zaidi ya 81,000 na nguruwe zaidi ya 55,000. Taarifa ya mwaka 2016 ilisema maambukizi yalikatika katika vijiji 105. Walifaulu kwa sababu daktari wa watu na daktari wa mifugo waliingia kijijini siku moja na orodha moja.

Huku kwetu wanakuja kwa zamu. Bwana mifugo anafika na kitabu chake cha nguruwe. Muuguzi wa kliniki ya kifafa anaandika majina ya wanaoanguka, bila kuuliza kama wanafuga. Mwalimu anapanga watoto mstari na fimbo ya kupimia urefu, anawagawia praziquantel ya kichocho, na bila kukusudia anawatoa mategu wachache waliomo humo. Utafiti katika wilaya za Mbeya na Mbozi ulionyesha kwamba tembe hizo za shuleni hupunguza kweli wenye tegu, kisha wanarudi. Mtoto aliyemeza dawa asubuhi anarudi mchana kwenye boma lile lile, ambako ugali unasongwa na mama na nyama ya nguruwe aliyekataliwa na mnunuzi bado inaning'inia juu ya moshi. Baba yake, aliyekula nyama kama hiyo mwaka jana, hakuwamo kwenye orodha ya darasa.